Kasoro Inayokinga: Utafiti wa A.C. Allison Kuhusu Magonjwa ya Kurithi na Namna ya Kuueleza kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katikati ya mwaka 1952 homa isiyojulikana kwa madaktari ilizuka katika Jimbo la Kusini la Tanganyika, kwenye uwanda wa juu wa Makonde na nchi inayouzunguka, sehemu za Newala na Masasi. Wagonjwa walishikwa na maumivu makali ya viungo hata wakashindwa kusimama wima. Daktari Marion Robinson, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Lulindi, alizieleza dalili hizo katika makala iliyochapishwa mwaka 1955. Jina alilolitumia halikubuniwa maabarani. Lilikuwa jina ambalo wenyeji walikuwa tayari wameupa ugonjwa huo: chikungunya. Vitabu vingi vya tiba vimedai kwamba neno hilo ni la Kiswahili. Dai hilo si sahihi. Neno ni la Kimakonde, kama kiambishi awali chi- kinavyodokeza (Kiswahili kingetumia ki-), na mzizi wake unahusu kujikunja au kupindika.

Chikungunya ni ugonjwa wa virusi, huenezwa na mbu, wala haurithiwi. Umetajwa hapa kwa sababu jina lake lilitoka vinywani mwa wagonjwa likaenda kwenye majarida ya kitaalamu. Majina ya magonjwa ya kurithi yamepita njia iliyo kinyume cha hiyo: yalizaliwa chini ya hadubini, katika lugha za mbali, na sasa yanamfikia mzazi wa Lulindi kwa Kiswahili kilichotafsiriwa. Katika safari hiyo kuna mambo yanayopotea, na mojawapo ndilo kiini cha ugunduzi mkubwa uliofanywa Afrika ya Mashariki katika miaka ileile ambayo Robinson alikuwa akiwahudumia wagonjwa wake.

Ugunduzi huo ni wa Anthony Clifford Allison (1925–2014). Makala haya yanaeleza mkondo wa utafiti wake, kuanzia chembe za damu hadi kasoro za vimeng'enya na hatimaye dawa inayotumiwa na watu waliopandikizwa figo. Kisha yanachunguza kama istilahi za Kiswahili zilizopo zinaweza kuubeba ujuzi huo bila kuupotosha.

2.0 Kutoka Mlima Kenya hadi Kampala

Allison alizaliwa Afrika ya Kusini lakini alikulia Kenya, katika nchi ya Bonde la Ufa, na masomo yake ya udaktari aliyafanya Oxford. Mwaka 1949, akiwa bado mwanafunzi, alijiunga na msafara wa chuo chake uliokwenda Mlima Kenya. Wenzake walishughulikia mimea na wanyama. Yeye alikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali ili alinganishe makundi ya damu. Pamoja na hayo alipima jambo jingine: ni watu wangapi ambao chembe zao nyekundu hubadilika umbo na kupinda zinapokosa oksijeni.

Umbo hilo lilikuwa limeelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1910 na James Herrick, daktari wa Chicago, aliyelifananisha na mundu. Kufikia 1949 James Neel na E.A. Beet, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wamebainisha namna hali hiyo inavyorithiwa. Anayepata jeni yenye mabadiliko kutoka kwa mzazi mmoja tu huishi maisha ya kawaida. Anayeipata kutoka kwa wazazi wote wawili huugua, na enzi hizo wengi wa aina hiyo walifariki wakiwa watoto. Mwaka huohuo Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba tofauti imo katika himoglobini yenyewe, yaani protini inayobeba oksijeni katika damu.

Matokeo ya Allison yalikuwa na sura ya kushangaza. Karibu na pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, watu wenye jeni hiyo walizidi asilimia 20. Katika nyanda za juu hawakufika hata asilimia moja. Tofauti hiyo haikufuata kabila wala lugha. Ilifuata mwinuko wa nchi, na kwa hiyo ilifuata mbu. Hapo ndipo Allison alipokisia kwamba jeni inayowaua watoto wanaoipata mara mbili huwakinga na malaria wale wanaoipata mara moja. Kama si hivyo, ingekuwaje jeni inayopunguza idadi ya wanaoibeba katika kila kizazi ibakie kwa wingi kiasi hicho?

Kisio si ushahidi, na ilimbidi kwanza amalize udaktari. Aliporudi mwaka 1953 alichunguza damu za watoto 290 wa Kiganda. Kati ya watoto 43 waliokuwa na jeni moja ya selimundu, 12 walikutwa na vimelea vya malaria, yaani asilimia 27.9. Kati ya 247 wasio nayo, waliokutwa na vimelea walikuwa 113, yaani asilimia 45.7. Alichagua watoto wadogo kwa makusudi, maana mtu mzima aliyekulia penye malaria huwa amekwisha kujijengea kinga ya kawaida, na kinga hiyo huifunika tofauti inayotafutwa.

Jaribio la pili huleta ukakasi likisomwa leo. Wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea, nusu yao wakiwa na jeni hiyo na nusu wakiwa hawana, waliambukizwa malaria kwa makusudi. Kati ya 15 wasio na jeni, 14 walipata vimelea. Kati ya 15 wenye nayo, waliopata ni wawili tu. Hapana shaka kwamba kamati ya maadili ya siku hizi isingeliruhusu jaribio hilo kwa namna lilivyofanywa. Hata hivyo ndilo lililoipa hoja uzito wake. Hatua ya tatu ilikuwa uchunguzi wa watu karibu 5,000 wa makabila 35 katika Uganda, Kenya na Tanganyika: palipokuwa na malaria kali mwaka mzima, jeni ilikuwa nyingi, mahali pengine ikifika asilimia 40, pasipokuwa na malaria, ilikuwa haba au haikuwapo kabisa. Matokeo yote hayo yalichapishwa mwaka 1954.

Hayakupokelewa kwa makofi. Wataalamu wengine walirudia majaribio wasione tofauti, hasa walipowapima watu wazima, na mjadala ulichukua miaka. Utafiti uliofanywa Kilifi, katika pwani ya Kenya, na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kuwa na jeni moja hupunguza malaria ya kawaida kwa takribani nusu, na malaria kali kwa karibu asilimia 90. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, hiyo ni tofauti kati ya kuzikwa na kupelekwa shule.

3.0 Kasoro ya kimeng'enya

Selimundu ni kasoro ya protini inayobeba oksijeni. Magonjwa ya kurithi ya umetaboli, kwa maana yake finyu, ni yale yanayotokana na upungufu wa kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha badiliko fulani la kikemia mwilini. Allison aliingia katika uwanja huo kupitia mlango uleule wa malaria.

Mnamo 1956 watafiti nchini Marekani waligundua kwa nini baadhi ya watu waliopewa dawa ya malaria iitwayo primakwini walipata upungufu wa damu wa ghafla. Watu hao walikuwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho glukosi-6-fosfeti dihaidrojenasi, kwa kifupi G6PD. Kazi yake katika chembe nyekundu ni kuiwezesha chembe kujihami dhidi ya viasili vya oksijeni vinavyounguza kuta zake. Kisipotosha, chembe huweza kuishi salama kwa miaka yote, mpaka siku mwenyewe anapomeza dawa fulani, au kula aina fulani ya maharage, au kupata maambukizo makali. Ndipo chembe hupasuka kwa wingi, mkojo ukawa mweusi na macho yakageuka manjano.

Mwaka 1960 Allison alionyesha kwamba upungufu huo katika Afrika ya Mashariki umetawanyika kama selimundu ilivyotawanyika, kwa kuifuata malaria. Mwaka uliofuata, pamoja na David Clyde, mtaalamu wa malaria aliyefanya kazi Tanganyika kwa miaka mingi, alichapisha ushahidi kutoka kwa watoto wa Tanganyika. Mwaka 1969 Lucio Luzzatto, akiwa Ibadan pamoja na E.A. Usanga na S. Reddy, aliongeza uthibitisho wa aina yake. Mwanamke mwenye jeni moja yenye upungufu ana chembe nyekundu za aina mbili ndani ya mwili mmoja, nyingine zikiwa kamili na nyingine pungufu. Vimelea vilionekana zaidi katika zile kamili. Luzzatto, ambaye sehemu kubwa ya maisha yake ya kitaaluma aliitumia kukichunguza kimeng'enya hiki, baadaye alikuwa profesa wa hematolojia katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Dar es Salaam.

Athari za jambo hili hazikubaki vitabuni. Dawa ya malaria iliyochanganya kloroproguanili na dapsoni iliondolewa sokoni mwaka 2008, baada ya kudhihirika kwamba iliwapunguzia damu kwa kiasi cha hatari wagonjwa wenye upungufu wa G6PD. Dapsoni ni dawa iliyozoeleka pia katika matibabu ya ukoma. Mganga wa kituo kidogo cha afya anayemwuliza mgonjwa, "Je, umewahi kukojoa mkojo mweusi baada ya kumeza dawa?" anauliza swali la umetaboli, hata kama halijui jina hilo.

4.0 Maradhi mawili na dawa moja

Sehemu ya tatu ya maisha ya Allison hutajwa mara chache katika masimulizi ya selimundu, ingawa ndiyo inayodhihirisha zaidi namna yake ya kufikiri. Akiwa Uingereza katika miaka ya 1970, alilinganisha magonjwa mawili adimu ya kurithi. Katika la kwanza, mtoto hukosa kimeng'enya kiitwacho adenosini diaminasi, na chembe zake nyeupe za kinga, yaani limfosaiti, hufa; maambukizo madogo humwua. La pili huitwa ugonjwa wa Lesch na Nyhan. Humo hukosekana kimeng'enya kingine, mtoto huathirika vibaya ubongo hata akajing'ata midomo na vidole, lakini kinga yake ya mwili kwa jumla haina hitilafu.

Vimeng'enya vyote viwili vinahusika na purini, ambazo ni malighafi ya kuundia vinasaba. Seli huweza kuzipata purini kwa njia mbili: kuziunda upya tangu mwanzo, au kuokoteza zile zilizokwisha kutumika. Watoto wenye ugonjwa wa Lesch na Nyhan hawawezi kuokoteza kama inavyopasa, na bado limfosaiti zao zinafanya kazi. Basi, alihoji Allison, limfosaiti lazima ziwe zinategemea njia ya kuunda upya. Na kama ndivyo, dawa itakayoziba njia hiyo itazipunguza nguvu limfosaiti huku seli nyingine nyingi zikiendelea kuokoteza.

Dawa ya namna hiyo ilipatikana katika kitu cha zamani. Asidi ya maikofenoliki ilikuwa imetolewa katika ukungu na Bartolomeo Gosio wa Italia tangu mwaka 1893. Baada ya kuiongoza kwa muda maabara ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya mifugo mjini Nairobi, kuanzia 1978, Allison alihamia California. Huko, yeye na mkewe Elsie Eugui, naye mtaalamu wa kinga, waliiendeleza asidi hiyo mpaka ikawa dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, ya kuzuia mwili usiikatae figo iliyopandikizwa. Asili yake ni watoto wagonjwa waliochunguzwa kwa swali moja: kasoro hii inatuonyesha nini kuhusu mwili usio na kasoro?

Swali hilo ndilo uzi unaoziunganisha sehemu zote tatu. Kwa Allison, kasoro ya kurithi ilikuwa jaribio lililokwisha kufanywa na maumbile. Kazi ya mtafiti ni kuyasoma matokeo yake, na kuuliza ni nani anayeumia, ni nani anayenufaika, na ni katika mazingira yapi.

5.0 Kiswahili cha mambo hayo

Inakadiriwa kwamba kila mwaka watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu nchini Tanzania. Tangu 2004 utafiti na huduma za ugonjwa huo zimepanuka sana Muhimbili, Profesa Julie Makani akiwa miongoni mwa viongozi wake. Mzazi anayeishi Lulindi, hata hivyo, hukutana na ujuzi huo katika umbo la maneno, na ni busara kuyapima maneno hayo moja moja.

Selimundu ni istilahi iliyoundwa vizuri kimofolojia: nomino mbili zimeunganishwa, nayo hutamkika kuliko mkopo sikoseli unaosikika mitaani. Upungufu wake uko kwingine. Inataja kile anachokiona mtu wa maabara. Mama haoni mundu. Anaona vidole vya mtoto vilivyovimba, macho ya manjano na kilio cha usiku. Chikungunya ilitaja kile ambacho kila mtu alikiona.

Kimeng'enya kina tatizo la aina nyingine. Kitenzi chake cha asili kinahusu kuvunjavunja na kusaga chakula, nacho kinafaa kabisa kwa vimeng'enya vya tumboni. Anayeambiwa kwamba mwanawe "ana upungufu wa kimeng'enya" ataelekea kufikiria chakula na choo, kumbe G6PD haimeng'enyi chochote cha tumboni. Neno limekwisha kukubalika wala halifai kubadilishwa. Linachohitaji ni maelezo kila linapotumiwa nje ya darasa.

Neno lenye hatari kubwa zaidi ni lile linaloonekana jepesi: ugonjwa wa ukoo. Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambao ndio wenyeji wa Masasi na Newala, kwa desturi huhesabu ukoo upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye kauli. Muuguzi akisema kwamba selimundu ni ugonjwa wa ukoo, katika mazingira hayo amekwisha kutoa hukumu bila kujua: ugonjwa umetoka kwa mama. Baba na nduguze watatoka hapo wakiwa wameoshwa mikono. Lakini mtoto hawezi kuugua selimundu bila kupokea jeni kutoka pande zote mbili. Mambo hugeuka kwa upungufu wa G6PD. Jeni yake imo katika kromosomu ya X, na mtoto wa kiume huipata kromosomu hiyo kwa mama tu. Wala si ajabu mjomba wake akawa na hali ileile. Kwa hiyo, kwa mvulana mwenye upungufu huo, hesabu ya ukoo wa kuumeni ingepotosha na ile ya kukeni ingelenga, ingawa kwa sababu ambazo wazee hawakuzikusudia. Binti, kwa upande wake, hupokea kromosomu ya X kwa baba na kwa mama pia. Neno moja haliwezi kuyaeleza yote hayo.

Kitenzi kurithi nacho kina mizigo yake. Katika matumizi ya kila siku mtu hurithi kitu ambacho marehemu alikuwa nacho kwa dhahiri, kama vile shamba, mikorosho au nyumba. Asiye na shamba hawezi kurithisha shamba. Basi baba mwenye afya njema anapoambiwa kwamba mwanawe ameurithi ugonjwa kwake, hukataa, na kukataa kwake kuna mantiki ndani ya lugha anayoizungumza. Kilichorithishwa ni jeni, na ugonjwa ni matokeo ya jeni mbili kukutana. Tofauti hiyo huelezeka kwa urahisi zaidi kwa neno nakala, ambalo linafahamika katika kila ofisi ya kijiji: baba ana nakala moja, mama ana nakala moja, mtoto amepata zote mbili. Kwa maelezo hayo hakuna anayeitwa mgonjwa asiyeugua, wala upande mmoja haubebeshwi lawama.

Bado kuna suala la kumwita nini mwenye nakala moja. Neno linalotumika sana ni mbebaji, na linaeleweka. Lakini kubeba ni kutwishwa, na aliyetwishwa huhesabiwa kuwa ameelemewa. Ndipo ugunduzi wa 1954 unapotoweka kabisa katika tafsiri: mtu huyo, katika nchi ya malaria kama bonde la Ruvuma, alivuka utoto akiwa na ngao ambayo ndugu yake hakuwa nayo. Mwenye nakala moja ni jina refu kidogo, ila halitoi hukumu. Neno fupi la kuitaja hali yenyewe, tofauti na ugonjwa, halijapata mazoea. Na kadiri lisivyopatikana, usemi "ana selimundu" utaendelea kutumiwa kwa watu wawili ambao hatima zao hazifanani.

Mwisho ni usemi "mmoja kati ya wanne", unaotumiwa kueleza uwezekano wa wazazi wawili wenye nakala mojamoja kupata mtoto mgonjwa. Katika Kiswahili usemi huu huhesabu vitu vilivyopo: mmoja kati ya wanafunzi wanne ameshinda, watatu hawakushinda. Wazazi ambao mtoto wao wa kwanza ni mgonjwa wanaweza kuuelewa, na hawatakuwa wamekosea sarufi, kwamba zamu imekwisha kupita na watatu watakaofuata wako salama. Kinachokusudiwa ni kwamba kila mimba ina uwezekano uleule, bila kujali zilizotangulia. Karata nne zilizofunikwa hueleza hivyo vizuri zaidi: moja ina alama, mzazi huchagua moja bila kuiona, kisha karata hiyo hurudishwa na zote nne huchanganywa tena kabla ya mimba inayofuata.